Kwa nini tarikhi za Kiarabu hufunga mwaka kwa orodha ya waliofariki

Swali: Msomaji mmoja wa Tanga ameandika hivi: "Nimepata juzuu chache za al-Bidaya wa-l-Nihaya ya Ibn Kathir. Kila mwaka unaanza kwa matukio, kisha hufuata watu waliofariki mwaka huo, na mara nyingine hao ni wengi kuliko matukio yenyewe. Kwa nini waliandika hivyo? Pili, nimesoma mahali kwamba Sibawayhi, yule bingwa wa nahau ya Kiarabu, alifariki mwaka 180, pengine 194, na pengine 161, niamini upi? Tatu, je, pwani yetu imo katika vitabu hivi?"

Jibu: Ndugu msomaji, orodha hiyo ya vifo haikuwekwa mwishoni mwa mwaka kama nyongeza ya kujazia ukurasa. Wengi wa waandishi hao walikuwa kwanza wanazuoni wa Hadithi, na baadaye ndipo wakawa waandishi wa tarikhi. Kwao hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa na matumizi ya kila siku, na habari za wafalme zilikuwa kiunzi cha kuipangia. Ukilishika hilo, maswali yako mawili ya kwanza yanakaribia kuwa swali moja, kwa sababu tofauti za miaka ulizokutana nazo zinatokana na namna taarifa hizo za vifo zilivyokusanywa na kunakiliwa.

Hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) hupokewa pamoja na sanadi yake, yaani majina ya wapokezi, kila mmoja akieleza kwamba ameisikia kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kumfikia Mtume mwenyewe. Mtu aliyetaka kughushi sanadi alichukua jina kubwa la shekhe wa zamani, akajidai kuwa alisoma kwake. Njia nyepesi ya kumnasa ilikuwa kujua shekhe huyo alikufa lini. Ziko habari nyingi za namna hii, na mojawapo inamhusu Ismail ibn Ayyash, mwanazuoni wa Homs katika Syria, aliyeishi karne ya 2 Hijria. Alipokuwa Iraki aliambiwa kwamba yuko mtu anayesimulia kutoka kwa Khalid ibn Ma'dan. Akamwendea, akamuuliza ni mwaka gani aliandika Hadithi kwa Khalid. Yule mtu akajibu kuwa ni mwaka 113. Ismail akamwambia kwamba basi anadai kumsikia Khalid miaka 7 baada ya Khalid kufa, kwa maana kwa hesabu ya Ismail shekhe huyo alifariki mwaka 106. Sufyan al-Thawri, aliyefariki mwaka 161 Hijria (778 Miladia), amenukuliwa akisema kwamba wapokezi walipoanza kutumia uongo, wao nao waliwakabili kwa tarikhi.

Huenda ukauliza kwa nini kifo na si kuzaliwa. Mtoto anapozaliwa hakuna ajuaye kama atakuwa mwanazuoni, na kwa wengi mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Hata wao wenyewe waliukadiria tu. Kifo cha mwalimu anayejulikana kilikuwa jambo la hadharani. Palikuwa na swala ya jenazi msikitini, palikuwa na umati uliomsindikiza, palikuwa na kaburi linalotambulikana, na palikuwa na wanafunzi waliokumbuka siku ile. Ndiyo maana utaona wasifu wa mtu unaokaa kimya kuhusu mwaka wake wa kuzaliwa, lakini unataja siku ya wiki aliyofariki, saa ya jenazi na jina la makaburi.

Hesabu hiyo ya miaka haikubaki kwenye Hadithi peke yake. Katika karne ya 5 Hijria, mjini Baghdad, ilijitokeza hati iliyodaiwa kuwa imetoka kwa Mtume, ikiwasamehe Wayahudi wa Khaybar kodi ya jizya, nayo ilikuwa na majina ya Masahaba walioishuhudia. Waziri Ibn al-Muslima alimpelekea al-Khatib al-Baghdadi, mwanazuoni wa Hadithi na tarikhi, aitazame. Al-Khatib aliisoma, akasema ni ya kughushi. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba miongoni mwa mashahidi yumo Muawiya, aliyesilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, yaani mwaka 8, ilhali Khaybar ilitekwa mwaka 7. Tena yumo Saad ibn Muadh, aliyefariki mwaka wa vita vya Handaki, mwaka 5, miaka miwili kabla ya Khaybar. Hakuhitaji kuchunguza wino wala ngozi ya hati. Tarehe mbili alizokuwa nazo kichwani zilimtosha, na tarehe hizo ndizo ambazo vitabu kama ulivyonavyo vilikusudiwa kuzihifadhi.

Hata hivyo, mpangilio wenyewe ulikua polepole. Kitabu cha zamani zaidi kilichotufikia kikiwa kimepangwa mwaka kwa mwaka ni cha Khalifa ibn Khayyat wa Basra, aliyefariki mwaka 240 (854), na humo kifo cha mtu hupewa maneno machache tu. Al-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 310 (923), aliandika tarikhi kubwa mno inayofikia mwaka 302, na ukiisoma utaona kwamba mwaka wake kwa kawaida haufungwi kwa vifo. Hufungwa kwa kutaja ni nani aliyewaongoza watu katika Hija ya mwaka huo, na mara nyingi kwa kutaja magavana na makadhi wa miji mikubwa. Wasifu wa Masahaba na wapokezi waliofuata al-Tabari aliuweka katika kitabu kingine, alichokiandika kuwa nyongeza ya tarikhi yake.

Aliyeupa mwisho wa mwaka sura uliyoiona wewe ni Ibn al-Jawzi wa Baghdad, mhubiri mashuhuri wa madhehebu ya Hanbali, aliyefariki mwaka 597 (1201). Katika kitabu chake al-Muntazam, kinachofikia mwaka 574, kila mwaka umegawanywa waziwazi sehemu mbili: yaliyotokea, kisha waliofariki, na hao waliofariki wamepangwa kwa herufi za alfabeti. Kwa maoni yangu badiliko hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Katika zama alizoziandika al-Tabari, khalifa ndiye aliyemteua kiongozi wa Hija na gavana wa jimbo, hivyo kuufunga mwaka kwa majina yao kulikuwa ni kuufunga kwa hesabu ya dola. Kufikia zama za Ibn al-Jawzi, masultani wa Kiseljuki walikuwa wameingia Baghdad na kutawala kwa zaidi ya miaka 100, na mkono wa khalifa ulikuwa umefupika. Kilichoendelea bila kukatika, kutoka kizazi hadi kizazi, ni mlolongo wa walimu na wanafunzi, na mwandishi aliyekuwa mmoja wao aliufunga mwaka kwa habari za watu wake.

Baada yake hakuna aliyerudi nyuma. Al-Dhahabi wa Damascus, aliyefariki mwaka 748, aliandika Tarikh al-Islam kuanzia Hijra hadi mwaka 700 na kuigawa miaka hiyo katika matabaka 70 ya miaka kumi kumi, huku sehemu kubwa sana ya kitabu ikiwa ni wasifu wa waliofariki. Katika dibaji yake analalamika kwamba watu wa mwanzo hawakujali kuandika vifo kama ilivyopasa. Walitegemea kumbukumbu zao, na kwa ajili hiyo tarehe za wengi, tangu Masahaba hadi karibu na zama za Imamu al-Shafi'i, zikapotea. Kwa hiyo watu wa karne za mwanzo aliwaweka katika muongo uliokaribia ukweli, bila kulazimisha mwaka. Hiyo ni tahadhari inayofaa kukumbukwa na kila anayenukuu mwaka wa kifo cha mtu wa karne ya 1 au ya 2 kana kwamba umetoka katika daftari la serikali.

Sasa tuje kwenye juzuu ulizonazo. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 (1373), alikuwa mkazi wa Damascus, mwanafunzi wa al-Dhahabi na mkwe wa mwanazuoni mkubwa wa Hadithi, al-Mizzi. Kwa miaka ya mwanzoni mwa karne ya 8 alimtegemea sana al-Birzali, mwanazuoni mwingine wa mji huohuo, ambaye aliandika habari za Damascus karibu siku kwa siku. Ukifika mwaka 738 utamkuta Ibn Kathir akieleza kwamba hapo ndipo tarikhi ya shekhe wake al-Birzali ilipoishia, na kwamba kuanzia hapo anaendelea yeye mwenyewe. Maelezo kama hayo yana thamani kubwa kwa msomaji, kwa kuwa yanakujulisha ni sauti ya nani unayoisikia. Miaka ya zama zake Ibn Kathir huifungua kwa kutaja ni nani khalifa, ni nani sultani wa Misri na Syria, ni nani naibu wake huko Damascus, na makadhi wanne ni akina nani, mmoja kwa kila madhehebu, utaratibu ulioanzishwa na Sultani Baybars mjini Kairo mwaka 663 na kufuatwa Damascus baada yake. Kisha huja matukio: fulani ameuzuliwa, fulani amepewa darasa katika madrasa fulani, umezuka moto, mafuriko yameingia mjini. Mwisho hutaja waliofariki miongoni mwa watu mashuhuri.

Usidhani watu mashuhuri hao ni wanaume watupu. Katika mwaka 714 Ibn Kathir anamtaja Fatima bint Abbas al-Baghdadiyya, aliyefariki siku ya Arafa nje kidogo ya Kairo. Anasema alikuwa mwanachuoni aliyeamrisha mema na kukataza maovu, kwamba Ibn Taymiyya alikuwa akimsifu, na kwamba aliwahitimisha wanawake wengi Kurani, mmoja wao akiwa Aisha bint Siddiq, mke wa al-Mizzi na mama wa mke wa Ibn Kathir mwenyewe. Taarifa hii, kwa hiyo, ilitoka nyumbani kwake. Sehemu ya vifo imejaa ushahidi wa karibu wa namna hii, ambao katika sehemu ya matukio ni adimu, kwa kuwa vita na mapinduzi ya Kairo mwandishi wa Damascus aliyasikia kwa wasafiri na kwa barua.

Waandishi wa Misri walikuwa na mazoea yao, nami nayapenda zaidi kwa sababu yanamgusa mtu wa kawaida. Ibn Taghribirdi, aliyefariki mwaka 874 (1470), baada ya kutaja waliofariki huongeza mstari wa mwisho kuhusu mto Nile: maji yalipungua hadi dhiraa ngapi na vidole vingapi, kisha yakapanda hadi wapi, kama yalivyosomwa kwenye kipimo cha kisiwa cha Roda, kilichojengwa mwaka 247 (861). Yakifika dhiraa 16 mfereji wa Kairo ulifunguliwa kwa sherehe, na kodi ya ardhi ya mwaka huo ikawa halali kutozwa. Yakikosa kufika, kila mtu alijua bei ya ngano itapanda. Al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 845 (1442), anataja bei hizo kwa undani, naye alikuwa na sababu ya kuzijua, maana aliwahi kuwa msimamizi wa masoko ya Kairo.

Sasa swali lako la pili. Tofauti za miaka zina vyanzo kadhaa, na si vyote vinavyotokana na uzembe. Chanzo cha kwanza ni habari kuchelewa kufika. Msafara wa Hija wa Damascus uliondoka mwezi wa Shawwali, yaani Mfunguo Mosi, ukarudi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Mtu aliyefia Makka au njiani mwezi wa Dhulhija alijulikana Damascus kuwa amekufa mwaka mwingine ukiwa umeshaingia, na swala ya jenazi ya asiyekuwepo ikaswaliwa msikitini mwezi wa Muharram au Safar. Mwandishi mmoja alimweka kwenye mwaka aliofariki, mwingine akamweka kwenye mwaka ambao habari ilifika na swala ikaswaliwa. Ukiona tofauti ya mwaka mmoja tu kuhusu mtu aliyefia mbali, aghalabu sababu ni hiyo.

Chanzo cha pili ni mwandiko. Miaka iliandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu. Kwa Kiarabu saba na tisa, na vilevile sabini na tisini, zina umbo lilelile la maandishi, na kinachozitenganisha ni nukta peke yake. Mnakili aliyeziacha nukta, au aliyeziweka pasipo mahali pake, alimhamisha marehemu kwa miaka 2 au kwa miaka 20. Waandishi makini walilijua hilo, ndiyo maana utakuta baada ya mwaka wameongeza maelezo kwamba namba hiyo ni ile inayoanza na herufi sini, au ile inayoanza na herufi ta. Hadi leo makosa haya yamebaki katika chapa nyingi za zamani, na kwa al-Bidaya ningekushauri utafute chapa iliyohakikiwa chini ya usimamizi wa Abdallah al-Turki, ambayo imelinganisha nakala za mkono.

Kingine ni namna ya kutaja siku. Nusu ya kwanza ya mwezi walihesabu siku zilizopita, na nusu ya pili mara nyingi walihesabu zilizobaki: alifariki zikiwa zimebaki siku kumi za Ramadhani. Mwezi unaweza kuwa na siku 29 au 30, na aliyeandika hivyo alijua mwezi wake uliandamaje. Sisi hatujui, hivyo hapo kosa la siku moja ni la kawaida.

Linalowatatiza zaidi wasomaji wa leo ni kugeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na karibu kila mara huangukia katika miaka miwili ya Miladia. Mchukue al-Dhahabi mwenyewe. Ibn Kathir anaandika kwamba shekhe wake alifariki usiku wa Jumatatu, tarehe 3 Dhulkaada mwaka 748, akaswaliwa adhuhuri ya Jumatatu katika msikiti mkuu wa Damascus, akazikwa makaburi ya Bab al-Saghir. Mwaka 748 ulianza Aprili 13, 1347, kwa hiyo anayegeuza kwa haraka huandika kwamba al-Dhahabi alifariki 1347. Lakini Dhulkaada ni mwezi wa kumi na moja, na tarehe 3 yake iliangukia Februari 4, 1348. Tena siku kwa hesabu hiyo huanza jua linapotua, jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa, hivyo usiku wa Jumatatu ni ule unaoanza Jumapili jioni. Kwa kalenda ya Miladia, ikiwa ilikuwa kabla ya saa sita za usiku, alifariki Jumapili, Februari 3. Nimeipiga hesabu ya siku ya wiki nikaona kwamba Februari 4, 1348 kweli ilikuwa Jumatatu. Jaribio hili ni zuri kuwa nalo mkononi: mwandishi akitaja siku ya wiki na tarehe pamoja, na viwili hivyo vikakubaliana, uwezekano wa mnakili kuwa amekosea mwaka hupungua sana.

Kuhusu Sibawayhi, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa ni mtu wa karne ya 2, ile karne aliyoilalamikia al-Dhahabi. Ibn Khallikan, kadhi wa Damascus aliyefariki mwaka 681 (1282), alitunga kamusi ya wasifu wa mashuhuri kwa mpango wa alfabeti, akashikilia sana kutaja mwaka wa kifo cha kila mmoja. Kwa Sibawayhi anatoa mwaka 180 kwanza, kisha anaongeza kwamba imesemwa ni 177. Kwamba Ibn Qani', aliyeandika kitabu cha vifo katika karne ya 4, anasema 161. Kwamba imesemwa pia ni 188. Na kwamba Ibn al-Jawzi anasema 194, akiwa na umri wa miaka 32. Huo ni mtawanyiko wa miaka 33. Zingatia kwanza namna anavyoipanga: mwaka alioutanguliza bila kusema "imesemwa" ndio alioutegemea, na mingine ameitaja ili asiwe ameficha.

Unaweza kwenda mbali zaidi kwa kuipima miaka hiyo dhidi ya matukio ambayo tarehe zake zina uhakika. Kisa kinachojulikana kwa kila mwanafunzi wa nahau ni mdahalo wa Sibawayhi na al-Kisa'i, bingwa wa nahau wa Kufa, kuhusu sentensi moja inayomtaja nyigu, uliofanyika Baghdad mbele ya waziri Yahya ibn Khalid al-Barmaki. Yahya alipewa uwaziri na Harun al-Rashid mwaka 170 (786), naye na wanawe wakaangushwa mwaka 187 (803). Ikiwa mdahalo huo ulifanyika katika uwaziri wake, mwaka 161 hauna nafasi. Upande wa pili, akiwa alifariki mwaka 194 na umri wa miaka 32, basi alizaliwa mwaka 162. Mwalimu wake mkubwa alikuwa al-Khalil ibn Ahmad wa Basra, ambaye vifo vinavyotajwa sana kwake ni mwaka 170 na 175. Hata ukichukua huo wa 175, mwanafunzi angekuwa na miaka 13 mwalimu alipokufa, na kitabu cha Sibawayhi kimejaa maswali aliyomuuliza al-Khalil na majibu aliyopewa, maswali ambayo hayafanani na ya mtoto wa miaka 13. Kwa hiyo ncha zote mbili zinaanguka. Habari za wasifu wake zinasema pia kwamba baada ya mdahalo aliondoka kwenda kwao Fars, katika Uajemi, akafa bila kukaa sana, jambo linaloupunguzia nguvu mwaka 188 pia. Mwaka 180 (796 au 797) ndio unaobaki na uzito mkubwa zaidi, na ndio ungepaswa kuutumia, ukiweka neno "takriban" mbele yake.

Swali lako la tatu lina jibu fupi na jibu refu. Jibu fupi ni kwamba tarikhi hizi za mwaka kwa mwaka ziliandikwa Baghdad, Damascus na Kairo, na macho yake upande wa kusini kwa kawaida huishia Makka na Yemeni. Anayetafuta Mogadishu, Mombasa na Kilwa atapata zaidi kwa wasafiri: al-Mas'udi, aliyefika kisiwa cha Qanbalu katika karne ya 4 Hijria, na Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Tarikhi ya Kilwa yenyewe, iliyotungwa kwa Kiarabu karne ya 16 na ambayo nakala yake iko London, haifuati miaka. Inafuata masultani, mmoja baada ya mwingine, na muda aliotawala kila mmoja. Usiilaumu kwa kukosa sehemu ya vifo, kwa sababu ilitungwa kuthibitisha nasaba ya watawala, si kuchunguza sanadi za wapokezi.

Jibu refu linahusu uasi wa Wazanji katika ardhi ya chini ya Iraki, ulioanza mwaka 255 (869) na kuzimwa mwaka 270 (883). Jina Zanj ndilo Waarabu waliloliita pwani yetu na watu wake, ingawa wanahistoria wanabishana ni wangapi kati ya waasi hao walitoka huku, na ni wangapi walitoka sehemu nyingine za Afrika. Walikuwa watumwa waliotumikishwa kukwangua udongo wa chumvi katika mabwawa ya Basra. Kiongozi wao, Ali ibn Muhammad, hakuwa mtumwa. Alizaliwa upande wa Rayy, akadai kuwa wa ukoo wa Imamu Ali, akajenga mji wa al-Mukhtara katikati ya mifereji, akapigana na majeshi ya khalifa kwa zaidi ya miaka 14. Chanzo kikuu ni al-Tabari, aliyeishi Baghdad wakati huo, naye alipokea mengi kutoka kwa Muhammad ibn al-Hasan aliyeitwa Shaylama, mtu aliyekuwa pamoja na waasi. Hapo utaonja udhaifu wa mpangilio wa mwaka kwa mwaka, kwa kuwa kisa kimekatwa vipande na kutawanywa katika miaka 16 ya Hijria, kila kipande kikibanwa na habari za Khorasan, Samarra na Byzantium. Ibn al-Athir wa Mosul, aliyefariki mwaka 630 (1233), aliulalamikia mtindo huo katika dibaji ya tarikhi yake, al-Kamil, akasema kwamba msomaji hawezi kukielewa kisa mpaka akichunguze kwa makini. Ndipo akaamua kukusanya vipande vya tukio moja mahali pamoja na kuyaacha madogo mwishoni mwa mwaka, pamoja na vifo vya wanazuoni. Kwa kuanzia, msome yeye kwanza, kisha urudi kwa al-Tabari kwa undani, ukijua kwamba al-Tabari humwita kiongozi wa uasi "habithi" na "adui wa Mwenyezi Mungu", na kwamba hata habari za Shaylama zimetufikia kupitia kalamu hiyo.

Ukishazipata juzuu za wawili hao, fungua mwaka 257 (871). Katika matukio utaona Wazanji wakiingia Basra mwezi wa Shawwali, misikiti na masoko yakichomwa moto na watu wakiuawa kwa wingi. Kisha tafuta mwaka huohuo katika kitabu chenye sehemu ya vifo. Utamkuta al-Riyashi, bingwa wa lugha aliyekisoma kitabu cha Sibawayhi kwa al-Mazini, aliyeuawa siku hizo msikitini akiwa katika swala. Jina lake limehifadhiwa pamoja na walimu wake na wanafunzi wake, kwa kuwa yumo ndani ya sanadi. Mtumwa aliyekufa upande wa pili wa mfereji hakuwa ndani ya sanadi yoyote, na kumhusu yeye vitabu hivi vina idadi za jumla tu, nazo hupishana mno kutoka kitabu kimoja hadi kingine kiasi kwamba mimi huwa sizitumii.